TOFALI LIKIPASUKA, NANI ALIPE?

Mwezi huu twaandika habari za matofali. Twajua wako watakaouliza, "Je, mhariri amepotea njia? Sisi ni watu wa reli, tuna shauri gani na wafinyanzi?" Twawaomba wawe na subira, wasome mpaka mwisho. Jambo lenyewe lahusu mshahara wa mtu, na likianza kwa mfinyanzi halitakawia kumfikia dereva na mtu wa gengi.

Kwanza tueleze lililotufanya tushike kalamu. Kijana mmoja, ndugu wa mwanachama wetu wa hapa Voi, alikwenda kutafuta kazi akaipata katika kiwanda cha matofali. Jina la kiwanda hatulitaji, wala mahali kilipo. Kazi yake ilikuwa kupanga matofali mabichi juu ya matoroli na kuyasukuma ndani ya tanuri la kukaushia. Alilipwa kwa hesabu ya matofali mazima yaliyotoka. Yaliyopasuka hayakuhesabiwa, na zaidi ya hayo alikatwa pesa za udongo ulioharibika. Mwezi mmoja wakubwa wakaongeza moto na kuzidisha mwendo wa feni, ili kazi iliyokuwa ikichukua siku mbili iishe kwa siku moja. Matofali yakapasuka kwa mamia. Kijana akaambiwa kwamba amepanga vibaya, kwamba ni mvivu, na kwamba watu wa Taita wamezoea kulima tu. Mwisho wa mwezi alirudi kwa ndugu yake na pesa zisizotosha nauli na unga.

Swali letu ni hili: tofali likipasuka ndani ya tanuri, nani alipe? Siku hizi swali hilo lina jibu lisilotegemea ukali wa nyapara. Iko hesabu ya kompyuta iwezayo kuonyesha tofali lilipasuka saa ngapi na kwa sababu gani. Yatupasa wafanyakazi tuifahamu hesabu hiyo, maana ikibaki mikononi mwa upande mmoja itatumika kwa faida ya upande huo tu.

Tuanze na tofali lenyewe. Tofali linapotoka katika kalibu huwa limejaa maji. Udongo mkavu wa kilo 3 waweza kubeba maji ya robo tatu za kilo au karibu na hapo. Maji hayo hukaa kati ya chembe za udongo na kuzitenga. Yakitoka, chembe husogeleana, na tofali hunywea. Tofali lenye urefu wa sentimita 24 likitoka kalibuni laweza kupungua zaidi ya sentimita 1 kabla ya kukauka. Kila aliyefinyanga tofali ameliona jambo hilo kwa macho yake.

Kunywea si kosa, ndiyo tabia ya udongo. Hatari huja pale ngozi ya tofali inaponywea mapema na moyo wake ungali mbichi na mpana. Ngozi yataka kuwa ndogo, moyo wakataa. Ni kama mtu mnene aliyevaa shati la mtoto: kitambaa kitachanika tu. Basi ufa huanzia nje, na huanza katika saa za mwanzo, wakati tofali lingali linanywea. Likishapita hapo, chembe zimekwisha kugusana, kunywea kunakoma, na maji yaliyobaki hutoka kama mvuke kupitia vijitundu. Wakati huo moto waweza kuongezwa bila hatari kubwa.

Wazee wetu waliyajua haya bila kompyuta. Hapa Voi, kama mita 600 tu juu ya bahari, jua ni kali na upepo ni mkavu. Ukiacha tofali bichi wazi mchana kutwa, jioni utakuta nyufa. Kwa hiyo watu hulifunika kwa majani au kuliweka kivulini siku za kwanza. Ukipanda Wundanyi, ambako ukungu hushuka asubuhi na kilele cha Vuria kiko mita 2,208, tofali lile lile hukaa siku nyingi zaidi, lakini halipasuki upesi. Udongo waweza kuwa mmoja na mikono ya mfinyanzi ikawa ile ile. Kilichobadilika ni hewa. Neno hili tulishike vizuri, maana tutalirudia.

Nasi watu wa reli tunayo yanayofanana na hayo. Taruma la mbao likikaushwa kwa haraka hupasuka vichwani. Reli nayo hutanuka juani. Reli ya mita 12, joto likipanda digrii 30, hurefuka kwa milimita 4 na zaidi kidogo. Ndiyo maana mtu wa gengi huacha nafasi kwenye maungio. Reli ikipinda kwa sababu aliyetoa amri hakutaka nafasi hiyo iachwe, je, ni haki kumkata mshahara aliyeshika nyundo?

Sasa tuje kwenye kompyuta. Wenye viwanda vikubwa vya matofali katika nchi nyingi hawataki tena kujaribu kwa kuharibu. Kabla ya kubadili moto wa tanuri, hutengeneza tofali la hesabu ndani ya mashine na kulikausha humo. Likipasuka katika hesabu, hakuna hasara ya udongo wala ya kuni. Jinsi kazi hiyo inavyofanyika tutaieleza kwa mfano wa nyumbani.

Tuchukue njia ya reli ya Voi kwenda Taveta, ile iliyoanza kujengwa na jeshi la Waingereza mwaka 1915 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Stesheni zake ni Voi, Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni, hata Taveta. Tuseme Taveta ni moyo wa tofali na Voi ni ngozi yake. Mabehewa ndiyo maji. Kila stesheni masta ana sheria moja: akiwa na mabehewa mengi kuliko jirani yake, humpelekea jirani. Akiwa nayo sawa na jirani, hatumi kitu. Pale Voi pana lango ambalo mabehewa hutokea kwenda hewani yasirudi tena.

Lango la Voi likitoa mabehewa kwa kiasi kile kile yanavyofika kutoka Taveta, njia nzima hupungua pamoja, wala hapana taabu. Lakini lango likimeza kwa pupa, Voi itakuwa tupu hali Maktau na Taveta zimejaa. Stesheni tupu ndiyo ile iliyonywea, stesheni iliyojaa ndiyo ile iliyo pana bado. Hapo ndipo ufa unapotokea.

Kompyuta ni kama karani mmoja awezaye kushika daftari za stesheni zote kwa wakati mmoja. Wataalamu hulikata tofali la hesabu katika vyumba vidogo maelfu, mfano wa mirabaraba ya daftari la shule. Kila chumba huandikiwa maji yake na joto lake. Kisha karani huuliza kila chumba: jirani zako wana maji kiasi gani, wana joto kiasi gani? Huhamisha kidogo, hupiga mstari, huanza tena kwa dakika inayofuata. Kwa vyumba vya ngozi huuliza pia habari za hewa ya tanuri: joto lake, unyevu wake, na mwendo wa feni. Akimaliza saa zote za kukausha, huonyesha mahali ngozi ilipovutwa kuliko nguvu yake, na ilikuwa saa ya ngapi.

Kanuni anazofuata karani huyo hazikuzuliwa jana. Mjerumani Adolf Fick aliandika mwaka 1855 kanuni ya vitu vinavyosambaa kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Mwaka 1929 Mmarekani Thomas Sherwood alichapisha masomo yake juu ya ukaushaji wa vitu vigumu, akaonyesha kwamba mwendo wa kukauka una vipindi: kwanza maji hutoka kwa kasi moja, baadaye kasi hupungua. Kisha A. V. Luikov, aliyefanya kazi mjini Minsk na kufariki mwaka 1974, alitunga hesabu zinazounganisha mwendo wa joto na mwendo wa maji ndani ya kitu kimoja. Hesabu hizo zilikuwa nzito mno kwa kalamu na karatasi. Kompyuta ndiyo iliyozifanya ziwezekane kwa kila tofali na kila tanuri.

Hesabu hizo zimethibitisha jambo moja ambalo mtu asiyezoea atalishangaa. Mwanzo wa kukausha, hewa ya moto yenye unyevu mwingi ni salama kuliko hewa kavu, hata ikiwa hiyo kavu si ya moto sana. Sababu ni kwamba unyevu wa hewa hulizuia lango lisimeze kwa pupa, na joto hulegeza maji yaliyo ndani. Maji ya digrii 60 hutiririka kwa wepesi zaidi ya mara mbili kuliko maji ya digrii 20. Kwa hiyo yaliyo moyoni hufika ngozini upesi, na tofali hunywea lote pamoja. Baadaye unyevu hupunguzwa kidogo kidogo. Anayefuata utaratibu huo aweza kupata haraka na usalama pamoja. Anayefungua feni zote saa ya kwanza atapata matofali ya kutupa.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Nani aliyeweka joto la tanuri? Si yeye. Nani aliyeamua mwendo wa feni? Si yeye. Nani aliyepunguza siku mbili kuwa siku moja? Si yeye. Yeye alipanga matofali kama alivyoyapanga mwezi uliotangulia, yalipokuwa yakitoka mazima. Kilichobadilika ni hewa, na hewa ya tanuri huamriwa ofisini. Hesabu ya kompyuta, ikiwekwa mezani kwa uaminifu, ingesema hivyo mbele ya watu wote.

Hatusemi kwamba mfanyakazi hakosi kamwe. Udongo usiochanganywa sawa, wenye mawe au chokaa ndani yake, utapasuka hata katika tanuri zuri. Matofali yakibanwa pamoja bila nafasi, hewa haipiti, upande mmoja hukauka na mwingine hubaki mbichi. Lakini nyufa hizo zina sura zake na mahali pake, wala hazitokei kwa mamia siku ile ile moto ulipobadilishwa. Hesabu nzuri husaidia kutenga kosa la mkono na kosa la amri. Twataka kosa litengwe kwa haki, mwenye kosa aambiwe, na asiye na kosa alipwe.

Na sheria yasemaje? Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea, ikiwa uharibifu huo umetokana na kosa la kusudi la mfanyakazi. Ndugu, lisomeni neno hilo mara mbili: la kusudi. Tofali lililopasuliwa na feni si kosa la kusudi la mtu wa toroli. Sheria hiyo hiyo yakataza makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa sawasawa kazini, kulipwa kwa haki, na kujiunga na chama. Silaha hizi tunazo. Mara nyingi kinachokosekana ni ushahidi, na ushahidi wa habari hii umo katika daftari la tanuri.

Liko jambo la pili, nalo lahusu nyumba zetu na milima yetu. Wengi wetu hatujengi kwa matofali ya kiwanda. Hapa Voi, katika mitaa ya Tanzania na Bondeni, ambako sehemu ya ardhi ilikuwa ya reli, wakaaji walipangiwa katika miaka ya 1990 kuishika ardhi kwa pamoja, na kila mmoja ajenge kwa uwezo wake. Mtu wa mshahara mdogo akijenga huhesabu kila tofali. Likipasuka moja kati ya matano, gharama ya matofali yake imepanda kwa robo. Na tofali bichi likitiwa motoni, kuni nyingi huteketea kwa kuchemsha maji tu.

Tupige hesabu pamoja. Matofali 1,000 ya kilo 3, kila moja likiwa na maji robo tatu za kilo, yana maji kilo 750. Joto la kilo 1 ya kuni kavu, hata lisipopotea hata chembe, hukausha maji kama kilo 6. Basi kilo 125 za kuni zitakwenda kwa maji tu kabla tofali halijaanza kuiva. Mwenye kungoja mpaka maji yashuke kuwa sehemu 5 kwa 100 ya uzito wa udongo atabaki na maji kilo 150, nayo yataka kuni kilo 25. Tanuri la kienyeji hupoteza sehemu kubwa ya joto lake, kwa hiyo kuni za kweli ni mara kadhaa ya hizo. Tena maji yaliyobaki ndani, yakigeuka mvuke kwa ghafula, hulipasua tofali. Hasara ni mbili kwa kosa moja.

Tukitazama Mbololo, Ngangao na Chawia tunaona vipande vya misitu ya asili vilivyobaki katika milima ya Taita, na vijito vinavyotuteremkia kutoka huko. Kila gogo linaloteketezwa kwa kuchemsha maji ambayo jua na upepo wa Voi vingeyachukua bure ni gogo la kupotea. Katika viwanda vyenye matanuri marefu, hewa ya moto kutoka kwa matofali yanayopoa huvutwa kwa bomba na kupelekwa kukausha matofali mabichi. Sisi wenye tanuri la shambani hatuna bomba, lakini tuna kivuli, majani ya kufunikia, na subira. Waswahili husema, haraka haraka haina baraka. Kwa tofali msemo huo ni hesabu kamili.

Wako watakaosema kwamba kompyuta itamfukuza mfinyanzi. Twajibu kwamba mashine hiyo haina mkono wala pua. Hesabu yake ni kweli kadiri ya yale iliyoambiwa. Lazima mtu apime tofali bichi kwa mizani, alikaushe kwa digrii 105 mpaka uzito usishuke tena, alipime mara ya pili, ndipo ijulikane lilikuwa na maji kiasi gani. Lazima mtu aangalie kama kipima unyevu cha tanuri kinafanya kazi au kimeganda tangu mwaka jana. Lazima mtu aseme kwamba udongo wa shimo jipya si sawa na wa shimo la zamani. Mtu huyo ndiye yule wa toroli. Akinyimwa nafasi ya kusema, kompyuta itapiga hesabu nzuri ya tofali lisilokuwapo.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, sisi tunatoa rai hizi, na twaziomba vyama vya wenzetu wa viwandani wazifikirie:

Kwanza, asikatwe mfanyakazi yeyote pesa za matofali yaliyopasuka mpaka daftari la tanuri limeletwa mbele ya mjumbe wa wafanyakazi, likionyesha joto, unyevu, mwendo wa feni na saa.

Pili, penye hesabu ya kompyuta, matokeo yake yaelezwe kwa wafanyakazi kwa lugha wanayoifahamu. Karatasi isiyosomeka isitumike kumhukumu mtu.

Tatu, wafanyakazi wa matanuri wafundishwe kupima na kuandika, wala mafunzo hayo yasiwe ya wakubwa peke yao. Sisi wenyewe wengi wetu tuliishia darasa la mwisho la shule ya misheni. Mwenye kujua kujumlisha na kutoa aweza kushika daftari la tanuri.

Nne, kuni na matofali yakiokolewa kwa hesabu mpya, faida isiende upande mmoja. Sehemu yake ionekane katika mshahara.

Nasi wafanyakazi tuna wajibu wetu. Tusibane matofali ili toroli lionekane limejaa. Tusifiche feni iliyosimama. Tusiandike uzito wa kubuni kwa sababu mizani iko mbali. Mtu akidanganya daftari leo, kesho daftari hilo halitamtetea.

Sasa wale waliouliza kwa nini twaandika habari za matofali wamepata jibu lao. Kompyuta zinahesabu mwendo wa injini, breki, mafuta na saa. Siku moja karatasi itawekwa mbele ya dereva, aambiwe, "Mashine yasema wewe ndiye uliyekosa." Siku hiyo itafaa awe amejifunza kuuliza: mashine iliambiwa nini, na nani aliyeiambia? Udongo uwahi ungali maji. Tukingoja mpaka tofali limekauka, hatutaweza tena kulitengeneza.

Kila mwanachama aliye na ndugu katika kazi ya matofali, naye amekatwa mshahara kwa ajili ya nyufa, na amlete katika mkutano wetu pamoja na hati zake za mshahara. Tutaketi naye, tutasoma tarehe, na tutauliza siku ile moto ulikuwa kiasi gani.

Mhariri